Nchi ikijiunga na jumuiya ya kikanda, bunge lake hubaki na nini?

Mjadala wa kujiunga na jumuiya ya kikanda aghalabu huwa wa masoko na mipaka. Bunge halitajwi sana, na ndilo linaloguswa kwanza.

Chukua ushuru wa bidhaa zinazotoka nje. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, viwango vyake hukubaliwa na mawaziri wa nchi wanachama kwa pamoja, na forodha huongozwa na sheria moja ya Jumuiya ya mwaka 2004. Siku ya bajeti mbunge husomewa mabadiliko hayo, lakini yamekwisha kuamuliwa. Katiba haikuguswa hata neno. Mamlaka yamehama tu, kutoka bungeni kwenda kwenye kikao cha mawaziri. Uhamaji huu wa kimyakimya, kwa maoni yangu, ndio wa kuangaliwa zaidi.

Denmark iliujengea kizuizi. Waziri wake anayekwenda Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, kujadili jambo zito hupita kwanza mbele ya kamati ya bunge ya masuala ya Ulaya na kueleza msimamo wake. Wakiupinga walio wengi, haendi nao.

Mahakama za ndani, kinyume chake, huongezeka nguvu. Mwaka 1990 majaji wa juu wa Uingereza, nchi ambayo sheria ya Bunge haikuwa na wa kuitengua, waliizuia serikali isitumie vifungu vya sheria ya meli ya mwaka 1988 dhidi ya wavuvi wenye mitaji ya Hispania, wakati shauri la kupingana kwake na sheria ya Ulaya likiendelea.

Kenya nayo ilikutana na mahakama iliyo nje ya mipaka yake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unalitaka bunge la kila nchi lichague wajumbe 9 wa Bunge la Afrika Mashariki. Mwaka 2006 Wakenya kadhaa walifungua shauri Arusha, wakisema majina yaliteuliwa na vyama na uchaguzi haukufanyika. Mahakama ya Afrika Mashariki ikazuia wateule hao wasiapishwe, na mwaka 2007 ikaamua kwamba Mkataba ulikiukwa. Ikabidi kanuni zitungwe upya na uchaguzi ufanyike.

Njia hiyo ya kushtaki Arusha iko wazi kwa mkazi yeyote wa nchi mwanachama, chini ya kifungu cha 30 cha Mkataba. Muda wake ni miezi 2 tu tangu tendo lifanyike, au tangu mlalamikaji alijue.