Malkia wa Maji Moto Hapokei Wafanyakazi wa Kiota Kingine

Kijana mmoja wa Pangani alinijia na chupa ya plastiki. Ndani yake malkia wa maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani ya miti kuwa kiota, alikuwa amekatwakatwa miguu, na pembeni maji moto kama arobaini, nusu yao wamekufa. Alimwokota malkia huyo baada ya mvua, akamtunza wiki tatu kwenye jani lililokunjwa, mayai akayaona. Kisha akaona kazi inachelewa. Akapanda mwembe wa jirani, akakung'uta wafanyakazi, akawatia chupani wamsaidie malkia kulea. Kulipokucha hali ndiyo ile.

Nia yake ilikuwa njema kabisa. Maji moto ni walinzi wa minazi yetu: humfukuza mdudu mfyonzaji aitwaye kitaalamu Pseudotheraptus wayi, anayefanya vidaka kupukutika, na ambaye hushambulia pia korosho na maembe. Kuwafuga na kuwapeleka shambani kunapunguza dawa za kupulizia, nami nalitamani jambo hili lienee Tanga nzima.

Lakini kwa sisimizi hodi hubishwa kwa harufu. Ngozi ya kila mmoja imepakwa mafuta kama nta, na mchanganyiko wake ndio utambulisho wa kundi. Wakikutana hugusana kwa vipapasio, na mwenye harufu ngeni hushikwa miguu na kuvutwa pande zote hadi akatike. Wafanyakazi arobaini walioingia kwa malkia wasiyemjua hawakumwona mama. Walimwona adui. Wafugaji wengine huwatia wafanyakazi kwanza kwenye friji ili wapoe. Baridi huwatuliza, harufu haiiondoi. Wakipata joto vita viko palepale.

Kinachopokelewa ni pupa, yaani mtoto aliyekwisha acha kula na sasa anageuka kuwa sisimizi kamili. Yeye hajachukua sawasawa harufu ya kundi, na akizaliwa mikononi mwa malkia mgeni huichukua ya hapo, akawa mtoto wa nyumba. Nchini Benin utafiti juu ya aina hii hii ya maji moto umeonyesha kuwa malkia wachanga waliopewa pupa wa kundi jingine huwalea, na makundi yao hukua haraka zaidi.

Kuwapata si kazi ngumu, ila utaumwa. Kata kiota kidogo asubuhi kungali na ubaridi, kifungulie ndani ya ndoo uliyopaka poda ukutani ili wafanyakazi wateleze wasipande. Pupa wa maji moto hawana kifuko cha hariri kama wa sisimizi wengine wengi, kwa sababu hariri yao waliitoa walipokuwa wachanga, ikatumika kushonea majani ya kiota. Kwa hiyo utawaona wazi: weupe, miguu imekunjwa kifuani. Chagua wenye macho yaliyoanza kuwa meusi, kwani hao wamekaribia kutoka. Waokote kwa brashi laini, na hakikisha hakuna hata mfanyakazi mmoja mzima aliyening'inia. Anza na wachache, umwache malkia gizani atulie.

Kwa wanaohamisha viota kwenda shambani, jambo ni lilelile kwa ukubwa zaidi. Kundi moja huwa na viota vingi, pengine miti kadhaa, lakini malkia kwa kawaida ni mmoja, amekaa katika kimoja tu. Ukichukua viota asivyokuwamo, wafanyakazi watalinda mnazi kwa muda kisha watapungua, kwa kuwa mayai yao wenyewe hutoa madume tu. Na ukichanganya viota vya makundi mawili kwenye mnazi mmoja, utaokota mizoga chini.

Kabla ya kuviweka pamoja, chukua wafanyakazi wachache wa kila kiota uwatie kwenye bakuli moja. Wakigusana vipapasio na kupishana, ni ndugu. Wakishikana miguu na kuinua matumbo, kila kiota kipelekwe mti wake, na matawi yasigusane.