Joy Division jukwaani Paris: dhana potofu na ukweli

Usiku wa tarehe 18 Desemba 1979, Joy Division, bendi ya rock ya Uingereza, walipiga muziki Les Bains Douches, klabu ya Paris iliyofunguliwa ndani ya hamamu ya zamani. Redio ya Ufaransa ililirekodi onyesho hilo, na mwaka 2001 likatolewa kama albamu. Kwangu mimi hii ndiyo rekodi bora ya jukwaani ya bendi hiyo, na kila ninapoipigia debe nakutana na maneno yale yale kutoka kwa watu ambao, nikiwauliza, wengi wao hawajaisikiliza hadi mwisho.

"Ni muziki baridi, wa huzuni, wa kusikiliza umejifungia chumbani."

Anayesema hivi amesikia albamu za studio tu. Ubaridi ule wa Unknown Pleasures, ya 1979, ulitengenezwa Strawberry Studios, mjini Stockport, na prodyuza Martin Hannett. Alimtaka mpiga dramu, Stephen Morris, arekodi kila ngoma peke yake isichanganyike na nyingine, kisha akaizungushia mwangwi wa mashine hadi ikasikika kama inapigwa kwenye ghala tupu. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu. Ila mpiga gitaa Bernard Sumner na mpiga besi Peter Hook wamekiri mara nyingi kwamba hawakuipenda ilipotoka, kwa sababu bendi waliyoijua wao ilikuwa na kelele na nguvu kuliko ile.

Paris unaisikia bendi waliyokuwa wakiizungumzia. Albamu inaanza na "Disorder", na tangu mapigo ya mwanzo dramu zinakimbia, gitaa linakwaruza, besi inavuta wote mbele. Morris hapotezi pigo hata moja. Ikifika "Shadowplay", gitaa ambalo studio liliwekwa mbali linakuja usoni kabisa, na pale Sumner anapoachia nyuzi unasikia jasho. Hamna ubaridi hapo. Hawa ni vijana wanne wa pande za Manchester, wenye umri wa miaka ishirini na kidogo, wanaopiga kana kwamba jengo litafungwa wakisita.

"Besi ya Hook inapanda juu kwa sababu alitaka kujionyesha."

Kisa chenyewe ni cha shida. Amplifaya yake ilikuwa dhaifu, ya Sumner ilikuwa na kishindo, na Hook akipiga noti za chini hakujisikia. Alipopanda juu alijisikia, na mwimbaji Ian Curtis akampenda hivyo, akamhimiza aendelee. Kwenye rekodi ya Paris mpangilio huo uko wazi kuliko studio: besi ndiyo inayobeba wimbo, gitaa linakuja kujaza na kuchoma.

"Vinanda vilikuja baadaye, na New Order."

New Order ni bendi ya wenzake Curtis baada ya yeye kufa. Lakini hapana. Sumner tayari alikuwa na sinthesaiza, kinanda cha umeme, aliyoiunga mwenyewe kutoka kwenye vipande vya kununua, na wakipiga "Love Will Tear Us Apart" alihamia kwenye kinanda, Curtis akishika gitaa. Sikiliza jinsi watu wa Paris wanavyoupokea wimbo huo. Singo yake ilitoka Juni 1980, kwa hiyo usiku ule ulikuwa bado haujaingia madukani. Leo tunausikia tukiwa tumebeba kila kilichotokea baadaye. Wao waliusikia kama wimbo mpya tu. Natamani kuusikia hivyo hata mara moja.

"Albamu nzima ni onyesho moja."

Nyimbo tisa za mwanzo ni za Paris. Saba zilizobaki zilirekodiwa Uholanzi, Januari 1980, Amsterdam na Eindhoven. Usishangae sauti ya ukumbi ikibadilika njiani. Usiziruke pia, maana "Atmosphere" ya mwishoni inastahili kungojewa.

"Mtikisiko wa Curtis jukwaani ulikuwa maigizo."

Hili linaniuma. Curtis aligunduliwa kuwa na kifafa mapema mwaka 1979. Kazi yake ya mchana ilikuwa katika ofisi ya ajira Macclesfield, akisaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, na maradhi ya jamii ile alikuwa akiyaona kwa wengine kabla hayajamfika. Alicheza kwa mikono inayokatakata hewa, na watazamaji wakati mwingine hawakuweza kutofautisha dansi na kifafa chenyewe. Aprili 1980, jijini London, kifafa kilimwangusha jukwaani. Kucheza kulikuwa namna yake ya kuuishi muziki. Kifafa kilikuwa ugonjwa. Anayevichanganya viwili hivi kwa kutafuta hekaya anamdhulumu marehemu. Faida moja ya rekodi ya sauti ni kwamba inakunyima picha hiyo na kukuachia uimbaji, na uimbaji wa Paris ni wa mtu mwenye pumzi na mamlaka.

"Onyesho la mwisho ndilo la thamani zaidi."

Lilifanyika tarehe 2 Mei 1980, Chuo Kikuu cha Birmingham, siku kumi na sita kabla Curtis hajajiua akiwa na umri wa miaka 23. Lilitolewa ndani ya albamu ya Still, 1981, pamoja na nyimbo za studio zilizokuwa zimebaki. Wengi hulisikiliza wakitafuta kifo ndani ya sauti yake. Mimi ninachosikia ni rekodi isiyo safi ya bendi iliyochoka, ambayo bado ilikuwa inaleta kitu kipya: "Ceremony" waliupiga mbele ya watu usiku ule tu. Sehemu kubwa ya mwanzo wake, sauti ya Curtis haisikiki vizuri. Hakukuwa na karatasi ya maneno. Wenzake watatu walipotaka kuurekodi kama New Order, walilazimika kukaa na kanda na kubahatisha alichokuwa akiimba.