Pesa ya tofali na pesa ya stoo

Jumamosi iliyopita, kwenye harambee huku Parklands, mzee mmoja alituma mchango wake kwa M-Pesa papo hapo, kisha akaniambia mbele ya watu: "Mwanangu, hii ni ya ukuta. Isije ikaliwa na mambo ya ofisi." Ukumbi ukapiga makofi. Mweka hazina akaandika daftarini: ya ukuta tu.

Tulikuwa tunachangia jumba la sanaa la wenzetu ng'ambo lililopigwa na tetemeko. Kazi yangu ni kuhifadhi michoro na kuitafutia fedha, na maneno ya mzee nimeyasikia katika kila kikao cha aina hii. Safari hii nimechoka kuyanyamazia.

Ukuta huja mwisho. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1997, tetemeko lilitikisa Assisi, Italia. Kulipokucha watu wakaingia katika Basilika ya Mtakatifu Fransisko kukagua nyufa. Kabla ya adhuhuri ardhi ikatikisika tena, dari lenye michoro likaporomoka, wanne wakafa: watawa wawili na wakaguzi wawili. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ni ya mhandisi na ya nguzo za kuegemeza. Hapo sina mjadala na mtu.

Shilingi ya pili ni ya kifusi. Wengi wakiona kifusi wanaita lori. Sisi tunaigawa sakafu kwa kamba, miraba miraba, kila mraba na namba yake, halafu mtu anapiga magoti na kibano na brashi laini. Anaokota kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho, upande mmoja buluu, upande wa pili chokaa, anakitia kwenye bahasha yenye namba ya mraba ule. Bila namba, kipande hicho hakina kwao tena. Assisi walikusanya makumi ya maelfu ya vipande vya namna hiyo, wakaviunganisha kwa miaka. Bahasha, kibano, posho ya aliyepiga magoti: hayo ndiyo "mambo ya ofisi".

Halafu stoo. Turubai iliyoloa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili tatu, haingoji kamati ikae. Haiti, baada ya tetemeko la Januari 2010, taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Marekani na Wahaiti walianza kwa kufungua karakana ya uhifadhi Port-au-Prince, ili kazi zilizotolewa kifusini zipate pa kutibiwa. L'Aquila, mji wa Italia, makumbusho yaliyokuwa ndani ya ngome yaliharibiwa na tetemeko la Aprili 2009. Yalipofungua tena milango mwaka 2015, ilikuwa katika machinjio ya zamani. Miaka sita! Muda wote huo kazi za sanaa zinaishi mahali fulani, na mahali hapo panahitaji rafu, kreti, kufuli na mlinzi anayelipwa.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Mchango ukishaandikwa "ya ukuta tu", umefungwa. Siwezi kununua nao rafu moja, hata picha zikioza mbele ya macho yangu, kwa sababu kufanya hivyo ni kuvunja amana. Nimewahi kukaa na akaunti yenye pesa za kutosha huku nikiomba maboksi ya kadibodi dukani. Mtoaji anaamini amelinda mchango wake usiliwe. Alichofanya ni kuufungia nje ya nyumba inayovuja.

Na ukuta wenyewe huenda usijengwe. Jumba la sanaa la de Young, San Francisco, Marekani, liliharibiwa na tetemeko la Oktoba 1989. Jiji liliwaomba wapiga kura mkopo wa ujenzi mwaka 1996, tena 1998. Mara zote mbili theluthi mbili ya kura zinazotakiwa hazikupatikana. Fedha zikachangwa na watu binafsi. Jengo la zamani likabomolewa, na jipya likafunguliwa Oktoba 2005 juu ya msingi unaoliruhusu kusogea hadi sentimita 91 ardhi ikitikisika. Aliyechangia ukuta wa kale angekuwa amechangia nini?

Tusidhani haya ni ya wengine. Januari 1928 Subukia ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 6.9, na Julai 2007 watu walitoka mbio maofisini hapa Nairobi.

Mawili yananikosesha usingizi. Kwanza, kuomba pesa za picha wakati familia zingali kwenye mahema. Huwa najibu kwamba fedha za misaada na za sanaa hutoka mifuko tofauti, lakini siamini kila mara ninaposema hivyo. Pili, bango letu lenyewe lina picha ya ukuta uliopasuka. Niliichagua mimi, kwa sababu ukuta uliopasuka huleta pesa na rafu haileti. Basi mzee alisoma nilichomwandikia.

Jumatatu nilimpigia. Nikamweleza habari za kamba na bahasha. Akasikiliza kimya, kisha akauliza, "Na hiyo rafu moja ni pesa ngapi?" Nikamtajia. Akasema nusu ya mchango wake ibaki ya ukuta, nusu nyingine tuitumie tutakavyoona, ila nimpelekee picha ya kile kipande cha buluu kikiwa ndani ya bahasha yake.