Tuzo za afya ya kinywa: dhana potofu kuhusu nani amechangia nini

Tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, ni wakati ambapo vyama vya taaluma, shule na makanisa jijini Nairobi hupata nafasi ya kuwashukuru waliojitolea kwa ajili ya meno na fizi za wenzao. Shukrani hizo ni haki yao. Kasoro iko kwenye vigezo, kwani vingi vimejengwa juu ya dhana ambazo zikichunguzwa hazisimami.

Dhana: Aliyeng'oa meno mengi ndiye aliyechangia zaidi

Ripoti ya kambi ya matibabu ya bure, iwe imefanyika Kayole au Mukuru, aghalabu huanza na idadi ya meno yaliyong'olewa, kwa sababu hiyo ndiyo takwimu rahisi kuhesabu kabla hema halijakunjwa na wadhamini hawajaondoka. Ni kweli kwamba mtu aliyekesha kwa maumivu anahitaji msaada huo, na anayempa anastahili asante. Hata hivyo, jino huoza polepole, bakteria wanapogeuza sukari kuwa asidi inayomomonyoa tabaka lake la nje, na katika miezi au miaka hiyo yote dawa ya meno yenye floraidi pamoja na kupunguza sukari vingeweza kuusimamisha uharibifu. Idadi kubwa ya meno yaliyong'olewa ni habari ya huduma iliyochelewa. Ripoti nzuri ingetaja pia meno yaliyozibwa, na watoto waliochunguzwa tena baada ya mwaka mmoja.

Dhana: Uvumbuzi wa udaktari wa meno hutoka ng'ambo, nasi ni wa kupokea tu

Dhana hii imeota mizizi hata miongoni mwa wasomi, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika chuo cha udaktari wa meno cha Dar es Salaam walikabiliwa na swali ambalo zahanati yoyote isiyo na umeme inalijua: jino lililotoboka litazibwaje pasipo mashine ya kuchimbia? Jibu lao lilikuwa kukwangua sehemu iliyolainika kwa vifaa vya mkono, kisha kuliziba tundu kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino na kuachilia floraidi kidogo kidogo. Mara nyingi mgonjwa hahitaji hata sindano ya ganzi, jambo lenye uzito mkubwa kwa mtoto anayeogopa.

Mbinu hiyo ilifanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipojikita kwenye afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaanza kuitangaza. Saruji ya aina hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu. Leo mbinu hiyo inatumika hata katika nchi tajiri. Chanzo chake, basi, kilikuwa upungufu wa vifaa katika Afrika Mashariki.

Dhana: Meno meupe ndiyo ushahidi wa usafi

Shule ikimzawadia mtoto mwenye meno meupe zaidi darasani, huenda inazawadia maji ya nyumbani kwao. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yana floraidi kidogo. Lakini visima virefu vinavyohudumia mitaa mingi ya jiji vimechimbwa kwenye miamba ya volkano, na baadhi yake vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi huyatoa yakiwa na madoa meupe au ya kahawia, na asugue asugavyo, madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Kuyachemsha maji hakusaidii, kwa kuwa floraidi haipotei na mvuke. Mwalimu anayemtetea mtoto huyo asichekwe, na afisa anayepima maji ya kisima kabla boza halijaanza kuyauza, wote wanafanya kazi ya afya ya kinywa, japo sijawahi kusikia mmoja wao akiitwa jukwaani.

Floraidi hiyo hiyo, ikipakwa juu ya jino kwa kiasi kidogo, hulikinga lisioze. Kwa hiyo wanaoikimbia dawa ya meno kwa kuogopa madoa wanakosea upande wa pili.

Dhana: Kazi hii ni ya daktari wa meno peke yake

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, na mchango wao hauna ubishi. Nje ya kliniki zao, hata hivyo, wapo maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, wauguzi, na wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliokabidhiwa vifaa vya kazi na serikali mwaka 2023. Hao ndio wanaokutana na mama anayeshauriwa na jirani kwamba mtoto anayeharisha ana "meno ya plastiki" yanayopaswa kuchimbuliwa. Kinachoonekana pale ni uvimbe wa kawaida wa jino changa linalojiandaa kuota. Kukichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli kunaweza kuleta pepopunda, maambukizi ya damu, na kuliharibu jino la kudumu lililo chini yake. Kuharisha kunahitaji maji ya chumvi na sukari pamoja na kliniki.

Kamati inayopendekeza majina inaweza kuanza na daftari la kliniki ya watoto ya mtaa wowote, na kumuuliza muuguzi ni akina mama wangapi waliofika hapo badala ya kwenda kwa mchimbaji, na nani aliyewatuma.