Kuhamasisha wapiga kura bila kuegemea upande: maana yake chuoni

Ni kumsaidia mtu ajiandikishe, ajue atakayoyakuta kituoni na siku ikifika aende akapige kura, bila kumwambia ampigie nani. Kwa maneno ni hivyo tu. Mombasa, ambako fulana moja yatosha watu kukujua u mrengo gani, kazi hii ina mitego.

Wengi hudhani asiyeegemea upande hana maoni. Sivyo. Mwanafunzi aliyekaa kwenye meza ya uhamasishaji aweza kuwa na mgombea wake moyoni na hata kadi ya chama mfukoni. Ila kwa muda ule yuko mezani, fulana ya chama, ya chungwa au ya njano, imebaki hosteli. Akiulizwa "Na wewe utampa nani?", na lazima ataulizwa, hujibu kwamba kura ni siri, kisha hurudi kwenye shida iliyomleta mwenziwe.

Tuseme meza iko karibu na lango la Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, saa za mchana watu wakitoka kutafuta viazi karai. Anakuja binti wa mwaka wa kwanza, kwao Lunga Lunga, mkononi ana slipu ya kusubiri kitambulisho. Hapo hapana ujanja: usajili wataka kitambulisho chenyewe au pasipoti. Anaelezwa hivyo, anahimizwa akakifuatilie mapema.

Nyuma yake yuko kijana aliyejiandikisha kwao Voi mwaka 2022. Huyu hafai kujiandikisha upya, maana kujiandikisha mara mbili ni kosa. Akitaka kupigia huku, ahamishe kituo. Sasa ahamishe au asihamishe? Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa kazi yote. Akihamia kituo cha Tudor atamchagua mbunge wa Mvita na MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, wa huku, na wa kwao watachaguliwa bila yeye. Asipohamisha, ajipange na nauli ya Voi, kwani uchaguzi huwa Jumanne ya pili ya Agosti, na mwaka 2027 itakuwa tarehe 10. Mwenye meza humweleza yote mawili, akamwacha aamue. Akishamwambia "baki huku utuongezee kura", ameegemea, hata kama hakutaja chama.

Kueleza karatasi sita za kura, kuanzia ya rais hadi ya MCA, ni sehemu nyepesi. Kigumu ni habari zinazobadilika ghafla. Mwaka 2022 uchaguzi wa gavana wa Mombasa haukufanyika Agosti 9 pamoja na mingine, kwa sababu karatasi zilikuja na picha zisizo za wagombea wa hapa. Ukasogezwa hadi Agosti 29. Mtu aliyekwisha panga foleni mara moja hurudi kwa shingo upande, na wengine hata hawajui kuna karatasi iliyobaki. Kumkumbusha tarehe mpya mtu kama huyo, awe shabiki wa nani, ndiyo kazi yenyewe.

Kisha kuna pesa. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumpa mpiga kura chakula, kinywaji au pesa ili kumshawishi, na hilo wengi wanalijua. Wasilolitilia maanani ni hema na viti. Mheshimiwa hatoi hotuba, hataki bango, ataka tu "kuwasaidia vijana" kwa hema la kuwakinga na jua na katoni za maji. Maji yanafika, kwenye kila chupa pana picha yake akitabasamu. Mimi ningeyarudisha na hema lake, meza ikae chini ya mwarobaini.