Je, wajua kwa nini mazungumzo matamu ya riwaya hufia mdomoni mwa mwigizaji?

Mwaka 1943 studio ya Paramount, Hollywood, ilimwajiri Raymond Chandler, mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye hakuwahi kuandika skripti. Alidhani ni kazi ya wiki mbili tatu. Akapewa wiki 13, kwa dola 750 kila wiki. Rasimu aliyoanza nayo ilijaa maelekezo ya kamera, kosa la wageni wengi katika uandishi wa skripti, na mwongozaji Billy Wilder akaikataa.

Walikuwa wakigeuza kuwa filamu hadithi ya James M. Cain, *Double Indemnity*: wakala wa bima anashirikiana na mke wa mteja kumuua mteja huyo. Wilder alitaka mazungumzo ya Cain yabaki yalivyo. Chandler akasema hayafai, kwa sababu yameandikwa kwa ajili ya jicho. Wilder akawaita waigizaji wasome kurasa za kitabu kwa sauti. Zilidorora, na Chandler akashinda.

Kwa nini? Kitabuni, majibizano ya Cain ni mistari mifupi mifupi, mara nyingi bila hata “alisema”. Jicho huteremka nayo mbio, na nafasi nyeupe kati ya mistari ni sehemu ya utamu. Kituo na ukali wa sauti msomaji hujitilia mwenyewe. Mwigizaji anapoitamka, ile nafasi nyeupe haisikiki. Yanabaki maneno ya mdundo mmoja, kama darasa linalokariri jedwali. Dawa yake ni ya kizamani: soma kila mstari kwa sauti, na pale pumzi inapokatika au ulimi unapojikwaa, andika upya.

Tena kuna hesabu. Ukurasa mmoja wa skripti, kwa herufi za Courier za ukubwa wa 12, hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na skripti nyingi huishia kurasa 90 hadi 120. Majibizano ya kurasa nne ambayo msomaji wa riwaya hata hayaoni urefu wake yatakula dakika nne nzima.

Kigumu zaidi ni mawazo. “Alijuta” haipigiki picha. Mwandishi mgeni hukimbilia kumpa mhusika hotuba ya majuto, au sauti ya msimulizi inayorudia kile tunachokiona tayari. Katika kitabu cha Cain wakala anaandika maungamo yake. Kwenye filamu ya 1944 anayasema usiku ofisini, jeraha la risasi likimvuja damu, kwenye mashine ya kurekodi sauti: sasa msimulizi ana mahali, ana saa, na ana haraka. Cain mwenyewe alikiri kwamba angelitumia wazo hilo kama lingemjia.

Chandler yumo pia ndani ya filamu hiyo. Kwenye dakika ya 16 hivi utamwona ameketi nje ya ofisi, anasoma. Hakupewa hata neno moja la kusema.