Barua ya wakili ikimfikia mchora vibonzo

Barua hizi hufanana. Juu kuna nembo ya ofisi ya mawakili, chini kuna mhuri, na katikati madai yale yale: kibonzo kiondolewe, mteja wao aombwe radhi hadharani, alipwe fidia, na yote yafanyike ndani ya siku chache. Kazi yangu ni kuwatetea wachoraji na wahariri wanaopokea barua za namna hii, na kitu cha kwanza ninachowaambia ni kwamba hakuna jaji aliyetamka lolote humo. Ni madai ya upande mmoja.

Kisha nautazama mchoro na kuuliza: unadai kwamba nini kilitokea? Katika nchi nyingi sheria ya kashfa hulinda jina la mtu dhidi ya uongo unaoweza kuaminika. Waziri akichorwa akiwa fisi anayetafuna bajeti, hakuna msomaji anayeamini kwamba waziri amegeuka mnyama. Kinachobaki ni maoni ya mchoraji kwamba mtu huyu ni mlafi, na maoni huweza kuchoma hadi mfupani yakabaki halali.

Kesi ya mhubiri Jerry Falwell dhidi ya jarida la Hustler ililiweka hili wazi. Mwaka 1983 jarida hilo lilichapisha tangazo la mzaha, chafu kwelikweli, kumhusu yeye na mama yake. Raia walioketi kuamua kesi walikubali kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeliamini, hivyo kashfa haikuwepo, lakini wakampa fidia kwa uchungu wa moyo. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta fidia hiyo bila jaji hata mmoja kupinga. Jaji Mkuu William Rehnquist, mhafidhina wa kupigiwa mfano, alikumbusha michoro ya mchora vibonzo Thomas Nast iliyomwandama mwanasiasa William Tweed wa New York katika karne ya 19. Kama kipimo kingekuwa maumivu ya anayechorwa, Nast asingechora chochote. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ilisema mwaka 2007, katika kesi ya chama cha wasanii wa Austria, kwamba tashtiti, yaani sanaa ya kukejeli, kwa asili yake hukuza na kupindua mambo ili ichokoze, kwa hiyo kila jaribio la kuizuia lichunguzwe kwa uangalifu wa pekee.

Lakini kuwa na haki hakumlipii mtu wakili. Mwaka 2008 mchora vibonzo Zapiro wa Afrika Kusini alimchora Jacob Zuma akijiandaa kumbaka mwanamke anayewakilisha haki. Zuma alidai randi milioni 5. Mwaka 2012, muda mfupi kabla ya kesi kusikilizwa, akaiondoa na kukubali kulipa nusu ya gharama za upande wa pili. Wengi waliuita ushindi, nami nakubali. Ila kwa miaka yote hiyo kesi iliwaning'inia mchoraji na gazeti lake, na gazeti dogo lisingestahimili. Ndiyo maana naziunga mkono kwa moyo wote sheria zinazoruhusu kesi za kunyamazisha zitupwe mapema, kama ile ya California ya mwaka 1992 na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2024.

Njia ya jinai inatisha zaidi. Mchoraji Mfaransa Honoré Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora Mfalme Louis-Philippe akimeza kodi za Wafaransa. Mchora vibonzo Zunar wa Malaysia alifunguliwa mashtaka tisa ya uchochezi mwaka 2015, yakafutwa tu serikali ilipobadilika mwaka 2018.

Sasa, kuna mahali ambapo barua ya wakili huwa na meno. Maelezo chini ya kibonzo yakitaja kiasi cha rushwa na aliyeitoa, hayo si maoni tena. Uwe na ushahidi. Kumchora mtoto wa kiongozi, ambaye hana cheo wala sauti, ni jambo ninalolikataa hata pale sheria inaporuhusu. Na picha ya akili mnemba inayofanana na picha halisi, isiyo na dalili yoyote ya mzaha, haina ulinzi wa kibonzo, kwa sababu msomaji anaweza kuiamini.

Ukipokea barua, usiijibu usiku huohuo na usiombe radhi kwa maandishi kabla ya kushauriana na mtu anayejua sheria ya kwenu. Tunza mchoro wa awali na habari ulizozitegemea. Jibu lenyewe liwe fupi: waombe wataje ni kauli ipi ya uongo iliyomo kwenye mchoro. Wengi hushindwa kuitaja, na mawasiliano hukoma. Na kwa nyinyi mnaouza kazi moja moja bila ajira: kabla ya kutuma mchoro unaofuata, mhariri akuandikie nani atalipa wakili mkishtakiwa. Mikataba mingi ninayoletewa inamwachia mchoraji mzigo wote.